Aliyekatazwa Kulia

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na shangazi yako hajambo. Analalamika kwamba humpigii simu. Nimemwambia kuwa mimi nawe hatupigiani pia, kwa hiyo asijione kaonewa peke yake. Unanijua mimi na simu. Mtu anasema haloo, haloo, mkimaliza kusalimiana salio nalo limekata roho.

Nakuandikia kwa sababu ya kazi. Wewe unashinda kazini katika maktaba ya chuo cha wachungaji, umezungukwa na wafafanuzi, wale wasomi wanaochukua mstari mmoja wa Biblia wakauandikia kurasa kumi. Mimi nina Biblia yangu na kile kitabu chembamba cha maelezo nilichopewa nilipoanza kufundisha darasa la watu wazima, Jumapili kabla ya ibada. Kwa Amosi kilinitosha. Kwa Hosea kilinitosha, ingawa akina mama walinibana kidogo. Sasa tumefika Ezekieli, sura ya ishirini na nne, na kitabu kimeniacha njiani. Kinaeleza mpaka mstari wa kumi na nne vizuri kabisa, halafu kinarukia sura ya ishirini na tano kama mtu anayevuka mtaro wa maji machafu.

Mistari yenyewe ni kuanzia wa kumi na tano. Nabii anaambiwa mke wake ataondolewa ghafla, na kwamba asiomboleze, asilie, chozi lisimdondoke. Asubuhi anasema na watu. Jioni mke anafariki. Kesho yake asubuhi anafanya kama alivyoagizwa. Basi, yameishia hapo.

Naomba unitafutie wasomi wanasema nini. Usinifupishie kwa kunihurumia. Mimi ni fundi pampu, lakini nikipewa muda jambo huniingia.

Mvua zimeanza. Paa la jikoni nimeliziba. Mlango wa chumba cha kulala umevimba kwa unyevu, haufunguki vizuri, lakini si neno. Wanadarasa wanasubiri.

Baba yako


19 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Vitabu vya ufafanuzi haviruhusiwi kutoka nje ya maktaba, kwa hiyo nimenakili kwa mkono saa ya mapumziko ya mchana, na kutafsiri pia, maana vingi vimeandikwa kwa lugha za watu. Ukikuta sentensi imepinda, kosa ni langu, si la msomi.

Nimeanza na mfafanuzi ambaye wanafunzi wetu wote wanaanza naye. Anasema tukumbuke nabii alikuwa wapi. Alikuwa uhamishoni, mbali na Yerusalemu, pamoja na watu waliotekwa kabla ya mji wenyewe kuanguka. Mwanzo wa sura hiyo anaambiwa aandike tarehe, kwa kuwa siku hiyo hiyo mfalme wa Babeli ameuzingira mji. Wale watu wa uhamishoni walikuwa bado wanajipa moyo kwamba hekalu haliwezi kuguswa. Kwa hiyo kifo cha mke kinakuwa ishara. Kama nabii alivyopoteza kipenzi cha macho yake bila kupata nafasi ya kuomboleza, nao watapoteza hekalu, kipenzi cha macho yao, na msiba utakuwa mkubwa kiasi kwamba hata kilio hakitatosha.

Kisha anaeleza desturi za msiba za watu wale, moja moja. Mfiwa alivua kilemba na kutia vumbi kichwani. Alivua viatu. Alifunika uso kuanzia mdomoni. Majirani walimletea mkate, kwa sababu nyumbani kwake moto hauwashwi. Nabii anakatazwa yote hayo. Anaambiwa afunge kilemba, avae viatu, asifunike mdomo, asile mkate wa watu.

Ameandika kurasa nyingi kuhusu kilemba. Nimekunakilia zote, kama ulivyoagiza.

Likizo hii sitaweza kuja. Kazi ni nyingi.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Ahsante. Bahasha ilikuwa nene hadi karani wa posta akaniuliza kama ni hati za shamba. Nikamwambia ni kilemba.

Nimemsoma msomi wako mara mbili. Ni mtu makini. Habari ya tarehe na kuzingirwa kwa mji imenifungua macho, maana nilikuwa nasoma kana kwamba mambo haya yalitokea hewani. Lakini nina ugomvi naye. Kwenye kilemba ametumia kurasa nne. Kwenye viatu, ukurasa mmoja na nusu. Kwenye mke, sentensi mbili, na zote mbili zinasema ni mfano wa hekalu. Sasa mimi nauliza, yule mama alipokuwa anapika asubuhi ile, alijua kwamba yeye ni mfano wa hekalu? Nadhani msomi huyu ama hajaoa, ama kwake wote wazima.

Darasa limechangamka sana. Kuna mwanadarasa mmoja ameshika swali, ukimwambia tuendelee haendelei. Anauliza hivi: nabii huyo alimpenda mke wake? Kwa sababu watu waliomwona asubuhi ya pili, kilemba kichwani, viatu miguuni, anapita barabarani kwenda kwenye shughuli zake, bila shaka walisema yule bwana hana moyo. Pengine na wa nyumbani kwake walisema hivyo. Walipomuuliza maana yake, aliwaeleza habari za hekalu, si za moyo wake. Mwanadarasa anataka kujua kama kuna mahali popote, hata neno moja katika hicho Kiebrania, panapoonyesha kilichokuwa ndani yake.

Pia kuna yale maneno kwamba augue, lakini si kwa sauti. Katika Biblia yangu yameandikwa namna moja, katika ya mchungaji namna nyingine. Wasomi wanasemaje?

Usiache kula mchana kwa ajili ya kunakili. Nakujua.

Baba yako


20 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimemsoma mfafanuzi wa pili. Kuhusu kuugua, anasema katika Kiebrania maneno mawili yamesimama bega kwa bega bila kiungo: ugua, nyamaza. Wasomi wanabishana namna ya kuyaunganisha. Wapo wanaosema ni kuugua kimyakimya. Wapo wanaosema ni amri mbili, moja inafuta nyingine. Kuhusu mapenzi, anasema kipenzi cha macho ni msemo wa kitu cha thamani, na kwamba kitabu cha Ezekieli hakina desturi ya kutufungulia moyo wa mwandishi wake. Ndivyo alivyoandika.

Sasa niseme na mimi.

Mwanadarasa huyo namfahamu, Baba. Nimemfahamu tangu mstari wa kwanza wa barua yako ya kwanza, nikajifanya sijui. Sikukataa kunakili, maana wewe ni baba yangu na hii ni kazi yangu. Lakini naomba usinitumie kutafuta nabii wa kukutetea.

Mama alizikwa alasiri. Pale kaburini nilikuuliza, hata chozi moja, Baba? Ulikuwa umesimama wima, tai imenyooka, unaangalia wale vijana wa majembe kama unawasimamia kazi. Kesho yake, wageni bado wamelala kwenye mikeka, nilikuona kwa dirisha la sebuleni. Ulikuwa umevaa ovaroli, umebeba kisanduku chako cha spana, unaenda karakana. Shangazi zangu wote walikuona. Nami nikakosa pa kuficha uso.

Ezekieli aliagizwa. Wewe aliyekuagiza ni nani?

Binti yako


3 Mei

Mwanangu,

Barua imefika. Ahsante kwa kazi ya kunakili, najua ilikuchosha.

Nadhani darasa limepata ya kutosha. Usijisumbue tena.

Baba yako


25 Mei

Kwako mwanangu,

Ni mimi shangazi yako, dada wa baba yako, nisije nikaonekana mgeni kwa jinsi unavyonisahau. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, kwa hiyo uvumilie, shule niliiacha kabla haijanizoea.

Kwanza nikuombe, kaka asijue nimekuandikia. Akijua atanuna, na akinuna mimi ndiye jirani wa ukuta mmoja.

Sijui ulimwandikia nini. Sikuulizi, barua ya mtu ni ya mtu. Nilimkuta ameishika, amekaa kwenye kochi, nikamwambia habari za mtoto, akasema nzuri. Akaikunja akaitia katika mfuko wa shati, na tangu siku hiyo vile vikaratasi ulivyomnakilia, alivyokuwa anavisoma asubuhi na jioni kwa penseli sikioni, amevifunga kwa mpira ameviweka juu ya kabati.

Hebu nikuulize, hilo darasa amekuambia lipo? Darasa gani, mwanangu? Hakuna darasa. Ni hivi: mwezi ule wa pili alifika kwenye hiyo sura ya nabii na mke wake. Nilikuwepo, nimekaa benchi la mwisho kwa ajili ya mgongo wangu. Akasoma mstari mmoja. Akanyamaza. Tukadhani anatafuta miwani, nayo iko usoni. Kisha akafunga Biblia taratibu akasema tutaendelea wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo hatujaiona mpaka leo. Mchungaji amekuja mara mbili kumuuliza, akaambiwa mwalimu bado anafanya utafiti.

Chakula namletea, anakula nusu. Analala kwenye kochi. Anasema mlango wa chumbani umevimba kwa mvua. Juzi alipotoka nimeusukuma kwa kidole kimoja, ukafunguka kama pazia. Kitanda kimetandikwa vile vile alivyokitandika mama yako asubuhi ile ya kwenda hospitali, na kanga yake iko mguuni pa kitanda. Nikaurudisha mlango nikatoka. Basi kumbe kilichovimba si mlango.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu, ambaye namwambia mengi kuliko anavyotaka kusikia.

Ile siku ya pili ya maziko, aliyoenda kazini watu wakanong'ona, na mimi nilikuwa mmoja wao, Mungu anisamehe. Nilisema wacha nimpelekee chai na mkate, pengine nitampa na maneno yake humo humo. Tangu barabarani nasikia mashine inanguruma. Nafika, mafundi wenzake wamekaa nje juu ya mabomba. Nawauliza mbona mko nje? Wananiambia Mzee amewasha ile pampu kubwa, amejifungia, anasema anaijaribu, tangu asubuhi. Nikagonga, wapi. Nikazunguka nyuma kwenye dirisha la wavu.

Mwanangu, pampu ile haikuwa na ugonjwa. Maji yalikuwa yanatoka kwenye tangi yanarudi kwenye tangi. Na kaka yangu alikuwa amepiga magoti, ameshika ukingo wa tangi kwa mikono miwili, mdomo wazi, analia kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Sauti yake sikuisikia hata chembe kwa ule mngurumo. Nilijua ni kilio kwa mabega. Mtu mzima yule, ovaroli imelowa mpaka kifuani, sijui ni maji ya tangi au ni yake.

Niliiweka chai mlangoni nikaondoka. Maneno niliyokuwa nimemwandalia niliyameza.

Jioni nikamuuliza, kaka, kwa nini hukulia mbele ya watu kama binadamu wengine? Akaniambia, "Mtoto alikuwa ameniegemea. Ningelegea mimi, angeanguka yeye." Akaomba chumvi, tukaendelea kula.

Ndiyo hivyo. Ulimwegemea, mwanangu, hukujua tu. Ulimshika mkono wa kushoto hadi ukaacha alama za kucha. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo wenyewe niliuona kwa dirisha.

Fanya utakavyoona. Na simu yangu haijaharibika, inapokea.

Shangazi yako


8 Juni

Baba yangu, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Mlinzi wa zamu hapa maktaba ameniuliza kama napanga kufungua duka la karanga kwa karatasi nilizozikunja.

Maneno niliyokuandikia mwezi wa nne niliyaandika nikiwa najua nusu. Tena hata ile nusu niliitazama kupitia dirisha. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo sitajaribu kuyazoa. Nataka tu ujue kwamba sasa naliona lile kaburi kwa namna nyingine. Nimeukumbuka mkono wako. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikuwa nimeushika.

Sitakuambia nimejuaje. Wewe ni mtu mzima, utakisia, na ukikisia tafadhali usinune.

Baada ya hapo nilirudi kwenye rafu. Mara hii sikwenda kama karani wa kunakili. Nilikwenda kama mwanadarasa aliyeshika swali. Kuna ufafanuzi umekaa rafu ya chini kabisa, mtu akiutaka lazima apige magoti. Umeandikwa na msomi mwanamke aliyetumia karibu miaka yake yote ya kazi kwa nabii huyu mmoja. Nimekunakilia kurasa zake zote, ziko humu ndani. Lakini mambo matatu nataka nikuambie mimi mwenyewe.

La kwanza, kuhusu ugua, nyamaza. Anasema tusidhani nabii aliamriwa asisikie uchungu. Kama asingeugua, kusingekuwa na haja ya kumwambia anyamaze. Kilichokatazwa ni kile ambacho watu wangekiona: kichwa kutiwa vumbi, miguu kuwa peku, mkate wa majirani. Ndani hapakukatazwa. Wasomi wengine hawakubaliani naye, na amewataja kwa heshima, lakini hakurudi nyuma.

La pili, kuhusu mapenzi. Katika kitabu kizima cha nabii huyu, chenye magurudumu na moto na falme zinazoanguka, hapa tu ndipo tunapoona kwamba nyumbani kwake kulikuwa na mtu wa pili. Na hatuambiwi na nabii. Yeye hasemi nilimpenda. Anayesema ni Mungu, anayemwita mke huyo kipenzi cha macho ya mumewe. Msomi anaandika hivi, nimetafsiri kwa uangalifu: kwamba pale ambapo mtu mwenyewe hakuweza kusema, alikuwepo aliyekuwa ameona jinsi alivyokuwa akimtazama.

Baba, hapo niliacha kunakili nikatoka nje. Nilikumbuka ulivyokuwa ukimtazama Mama akipanga kura za upatu wa akina mama pale mezani, wewe umeshika gazeti juu chini. Nilikuwa naliona, nikiwa mdogo, nikidhani baba wote ndivyo wanavyosoma gazeti.

La tatu ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kesho. Msomi huyu anasema wengi wanaifunga sura pale kwenye kifo, na kumbe haijaisha. Katika mistari ya mwisho nabii anaambiwa kwamba siku moja atafika mtu aliyeokoka kutoka kule mjini, na siku hiyo kinywa chake kitafunguliwa, hatakuwa bubu tena. Na ukienda mbele, sura ya thelathini na tatu, mtu huyo anafika kweli. Msomi ananyoosha kidole kwenye jambo dogo ambalo mimi ningelipita. Mtu yule alifika asubuhi, lakini kinywa cha nabii kilikuwa kimeshafunguliwa jioni ya jana yake. Yaani kimya kilikuwa na mwisho wake tangu mwanzo, na mgeni alipobisha hodi alimkuta mwenyeji yuko tayari kusema.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda basi la Ijumaa ya wiki ijayo, nitafika Jumamosi asubuhi. Siji kukuuliza maswali. Nakuja tukae. Ukitaka kusema, nitasikiliza. Ukitaka tuwashe pampu tukae kimya pembeni yake, nitakaa pia.

Mwanao


12 Julai

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia ulifika salama na kwamba begi halikupotea. Shangazi yako anadai ndiye aliyekufungia ule mzigo wa chakula, na kwamba kama ulimwagika njiani ni dereva. Nimemsamehe mambo yake yote, pamoja na yale ya madirishani. Nilinuna Jumatatu, nikaacha Jumanne.

Chumbani nalala. Usiku wa kwanza baada ya wewe kuondoka nililala upande wangu kwenye ukingo kabisa, kama abiria asiye na tiketi. Sasa nimeanza kusogea. Kanga ya mama yako uliyoniachia nimeitundika penye msumari karibu na dirisha, nikiamka naiona. Ile pacha yake uliyoichukua uivae, usiiweke sandukuni ikaliwa na nondo.

Nataka kukuambia kwamba tangu siku ile tuliyokaa kitandani mimi na wewe mpaka chai ikapoa, kifua changu kimekuwa chepesi. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kulia mbele ya mtoto wake na mtoto asivunjike. Nilidhani ninyi ni wa kushikiliwa tu. Kumbe na nyinyi mna mikono.

Sasa darasa. Jumapili iliyopita nililifungua. Mchungaji alitangaza kwamba mwalimu amemaliza utafiti, watu wakacheka, nami nikacheka. Walikuja wengi kuliko viti. Nilibeba kurasa zako zote, za wasomi wote watatu, nikawaambia wazi kwamba zimetafsiriwa na binti yangu, na kwamba wasomi hawa hawakubaliani, na wala sisi hatulazimiki kukubaliana. Niliwaeleza kuzingirwa kwa mji. Niliwaeleza kilemba, kwa ufupi, msomi wa kwanza anisamehe. Nikafika kwenye yale maneno mawili, ugua, nyamaza. Nikawauliza, nani hapa amewahi kuugua akiwa amenyamaza?

Mzee anayetengeneza baiskeli, yule ambaye kwa miaka yote hajawahi kusema zaidi ya amina, akainua mkono. Akasema wao walipoteza mtoto mchanga, zamani, na ndugu walimwambia mtoto mchanga haombolezwi, atazaliwa mwingine. Akasema mkewe aliambiwa afute uso apike. Mkewe alikuwa amekaa pembeni yake. Alimshika tu mkono wa shati. Halafu mwingine akasema, na mwingine. Mwalimu sikuwa na kazi. Nilikaa chini kama wao.

Karibu na mwisho, mama mmoja mgeni, muuza mayai aliyehamia mtaa wetu majuzi, akasimama. Alikuwa ameifungua Biblia pale pale, anapitisha kidole kwenye mistari kana kwamba amedondosha kitu. Akasema, "Mwalimu, samahani. Natafuta hapa sioni. Huyo mke wa nabii aliitwa nani?"

Nikamwambia Biblia haisemi. Wafafanuzi nao hawajui. Hata yule wa rafu ya chini hajui.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Maskini. Mtu mzima namna hiyo, hana hata jina." Kisha akanitazama. Hakuwa na nia yoyote, mwanangu, ni mgeni tu, ameshaambiwa kwamba mwalimu amefiwa na mke. Akaniuliza, "Na wa kwako je, Mwalimu? Yeye aliitwa nani?"

Chumba kizima kilinitazama. Nikagundua kwamba tangu kaburini sijalitamka. Hata siku ile na wewe tulisema Mama, tulisema yeye, tulisema marehemu. Nikafungua mdomo, sauti ikakatika katikati. Nikasubiri. Hakuna aliyenisaidia, nami nawashukuru kwa hilo. Nikajaribu tena, na mara hii likatoka lote, jina lake la kwanza na la baba yake, kama lilivyosomwa siku ya ndoa yetu.

Shangazi yako, kutoka benchi la mwisho, huku anajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Huku nyuma hatujasikia."

Basi nikasimama, nikalisema kwa sauti.

Baba yako